Anajiona nani akiwa uwanjani? Kuhusu vijana wetu wa sekondari na sababu zao za kucheza

Filimbi ya Jioni (Dodoma)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na kwa miaka kadhaa sasa nimebeba pia jukumu la michezo. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea shuleni kwetu, ambalo nililisababisha mimi mwenyewe, na ambalo limenifanya nijiulize upya kwa nini kijana wa miaka 14 au 15 hucheza, na kwa nini siku moja huacha.

Ilikuwa mwezi Mei, mvua zimeshakatika, nasi tunachuja timu ya netiboli itakayokwenda kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya kata. Uwanja wetu ni ardhi nyekundu iliyofagiliwa, na mistari yake tunaichora kwa majivu kwa kuwa chokaa hainunuliwi mara kwa mara. Alikuwapo binti wa kidato cha pili ambaye kila jioni ndiye aliyefika wa kwanza, na ndiye aliyekuwa akiyachukua majivu jikoni kwa mpishi, akiyabeba katika kopo la rangi, akiyamwaga taratibu huku akirudi kinyumenyume ili asiukanyage mstari wake. Hakuwa mfungaji hodari. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo, na pasi zake zilichelewa. Nilipoisoma orodha ya majina 12 asubuhi ya paredi, jina lake halikuwamo, na mimi, kwa furaha ya siku ile, nikaongeza: “Haya, tuwapigie makofi wenye vipaji wetu.” Shule nzima ikapiga makofi, naye akapiga pamoja nao.

Jioni ile nilikuta kopo la rangi mlangoni mwa ofisi ya walimu, limejaa majivu mpaka juu. Yeye hakuwapo, wala hakuja tena siku zilizofuata. Wiki ilipopita nilimwita nikamuuliza kulikoni. Akaniangalia kwa adabu, akanijibu: “Mimi netiboli sikuwa naipenda sana, mwalimu. Ni mchezo wa kupotezea muda tu.”

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nilirudi kwenye maandishi ya saikolojia niliyoyasoma chuoni, na safari hii niliyasoma nikiwa na sura ya mtu mbele yangu. Yupo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, aitwaye Susan Harter, ambaye mwaka 1988 alitoa dodoso la kupima jinsi vijana wanavyojiona wenyewe. Jambo la kwanza analolisisitiza ni kwamba kijana hajioni kwa jicho moja. Anajiona kivyake darasani, kivyake kwenye michezo, kivyake kwa sura na umbo, kivyake mbele ya wenzake, kivyake katika tabia na urafiki. Na juu ya hayo yote anayo hukumu moja ya jumla kuhusu thamani yake kama mtu. Dodoso lenyewe limeandikwa kwa busara kubwa. Halimwulizi mtoto “je, wewe ni dhaifu katika michezo?”, bali linamwambia kwamba wapo vijana wanaojiona hodari katika michezo na wapo wengine wasiojiona hivyo, kisha linamwomba aseme yeye anafanana na akina nani, na anafanana nao kabisa au kiasi tu. Hakuna upande wa aibu.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni wazo ambalo Harter alilichukua kwa mwanasaikolojia William James, aliyeliandika mwaka 1890: kushindwa katika jambo hakumuumizi mtu kwa kipimo kimoja siku zote, bali kunamuumiza kadiri alivyolithamini jambo lenyewe. Aliyeshindwa katika asichokijali hulala usingizi. Aliyeshindwa katika anachokipenda hubaki na njia mbili: aongeze uwezo wake, au apunguze thamani ya kitu chenyewe moyoni mwake. Ni ile ile “sizitaki mbichi hizi” ya sungura. Binti yangu hakunidanganya kwa ubaya. Alikuwa anajiokoa. Nilimfungia mlango wa kwanza mbele ya shule nzima, naye akapita katika ule uliobaki wazi.

Harter aliunganisha wazo hilo na lile la mwanasosholojia Charles Cooley, aliyeandika mwaka 1902 kwamba mtu hujitazama katika nyuso za wengine kama anavyojitazama kwenye kioo. Sasa fikirini paredi ya asubuhi: wanafunzi mia kadhaa wamesimama kwa mistari, na mwalimu, ambaye sauti yake ina uzito kuliko anavyodhani, anasema “wenye vipaji”. Sikuwataja wasio na vipaji, lakini kila ambaye hakutajwa alilisikia jina lake.

Nililifanya jambo moja baada ya hapo ambalo ninawashauri walimu wenzangu walijaribu. Niligawa vipande vya karatasi, visivyoandikwa majina, nikawaomba wanafunzi wajibu swali moja: kwa nini unacheza, au kwa nini uliacha? Nilitarajia kusoma habari za Samatta na Ulaya. Zilikuwapo, tena si chache. Lakini nyingi zilikuwa za namna hii, nami nazinakili kama zilivyo:

“Nikicheza sisikii kelele za nyumbani.”

“Nacheza kwa sababu rafiki yangu anacheza, asipokuja na mimi siji.”

“Niliacha kwa sababu kaka yangu alisema miguu yangu imekuwa ya kiume.”

“Napenda nikiona jana nilikuwa siwezi na leo naweza.”

“Darasani mimi ni wa mwisho. Uwanjani mimi ni kipa.”

Karatasi hiyo ya mwisho nimeiweka ndani ya daftari langu la maandalio. Tazameni alivyoiandika. Hakusema kwamba ni kipa mzuri, wala kwamba timu yake inashinda. Amesema yeye *ni* kipa. Uwanja umempa jina ambalo darasa halikumpa, na tukimwondoa golini kwa pupa, hatumwondolei mchezo peke yake.

Diane Gill na wenzake, waliochapisha mwaka 1983 dodoso kuhusu sababu za vijana kushiriki michezo, walikuta vijana wakitaja zaidi kuongeza ujuzi, kufurahi, kujifunza mbinu mpya, kupata changamoto na kuwa na afya. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameyapanga mahitaji ya mwanadamu ya namna hiyo katika mafungu matatu, ambayo kwa maneno yangu ni haya: kujiona una hiari katika unalolifanya, kujiona unaliweza, na kujiona una wenzako. Nikizipanga karatasi za wanafunzi wangu juu ya meza, karibu zote zinajigawa zenyewe katika mafungu hayo. Na hapa nawakumbusha mchakamchaka. Wapo wanafunzi wanaoniambia hawapendi michezo hata kidogo, lakini asubuhi wanakimbia kuizunguka shule wakiitikia nyimbo kwa sauti inayosikika hadi barabarani. Mchakamchaka hauna orodha ya majina, wala hakuna anayeachwa nje.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wazazi, makocha, na vijana wenyewe.

---

Kocha wa Mchangani (Chang’ombe, Dodoma)

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima zote, lakini kuna mahali sikubaliani nawe, na nitasema wazi. Mashindano yana kuchuja, na bila kuchuja hakuna bingwa. Hapa jirani, wilayani Ikungi mkoani Singida, ametoka Alphonce Simbu, ambaye tarehe 15 Septemba 2025 alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aliyekuwa wa pili, Mjerumani Amanal Petros, aliandikiwa muda ule ule; walitenganishwa na sehemu tatu za mia ya sekunde, na waamuzi walilazimika kuangalia picha. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kabla yake. Kijana wa leo anayetoka nyumba ya kupanga pale Chang’ombe au kwenye shamba la alizeti kule Bahi anahitaji kuambiwa kwamba michezo ni ajira, na kwamba ajira haitolewi kwa kuhurumiana. Tukiwaogopesha walimu kuchuja, tutabaki na timu za furaha zisizofika popote.

Hata hivyo, kwa kuwa umetaka ukweli, nitakupa na jambo linalonipinga mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilipata mfadhili wa timu yangu ya vijana, mtu mwema, ambaye kila baada ya mechi alimpa kila mchezaji shilingi 3,000. Mazoezi yalijaa. Biashara yake ilipoyumba akasitisha, na ndani ya mwezi mmoja nilibakiwa na vijana ambao hawatoshi upande mmoja wa uwanja. Vijana hao hao, mwaka mmoja kabla ya fedha hizo, walikuwa wakicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi mpaka giza linaingia, na hakuna aliyewalipa. Niliwalaumu kwa tamaa, lakini mpaka leo nina shaka kama lawama ile ilikuwa ya haki.

---

Filimbi ya Jioni (Dodoma)

Kocha, nakushukuru kwa yote mawili, na nitaanza na hilo la pili kwa sababu umeligusa jambo lililofanyiwa majaribio zamani. Mwaka 1971 Deci aliwaweka wanafunzi wa chuo wakitatua mafumbo ya vipande vya kupanga. Baadhi yao aliwalipa kwa muda, kisha akaacha kuwalipa, na waliowahi kulipwa wakapungukiwa hamu ya kuyagusa mafumbo hayo katika muda wao wa mapumziko. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakafanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walichora kidogo zaidi siku za baadaye, ilhali waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu yao. Kwa hiyo zawadi haikuwa na sumu kwa kuwa ni zawadi. Tatizo lilikuwa lile agano la “cheza nikupe”, linalohamisha sababu ya kucheza kutoka ndani ya mtoto na kuiweka mfukoni mwa mtu mwingine. Vijana wako hawakuwa na tamaa, kocha. Walijifunza kwamba kucheza ni kibarua, na kibarua kisicholipa mtu hukiacha.

Kuhusu Simbu, naomba tuyatazame na yale yaliyotangulia Tokyo. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio, na mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia jijini London. Kutoka shaba ile mpaka dhahabu ya Tokyo ilipita miaka 8, ambayo ni umri wa masomo wa mtoto tangu anaanza darasa la kwanza hadi anamaliza kidato cha kwanza. Kijana wa miaka 15 aliyefundishwa kuipima thamani yake kwa nafasi aliyoshika Jumamosi iliyopita hataivuka miaka 8 ya namna hiyo.

Wala sikatai kuchuja. Ninaangalia namna tunavyochuja na maneno tunayoyatumia. John Nicholls, aliyechunguza jinsi watoto wanavyoelewa uwezo, alionyesha kwamba mtoto mdogo huamini kuwa anayejitahidi sana ndiye mwenye uwezo, lakini anapofika miaka 11 au 12 huanza kuvitenganisha: ikiwa mimi na wewe tumepata matokeo sawa na mimi ndiye niliyetoka jasho zaidi, basi wewe una uwezo kunipita. Tangu hapo juhudi yenyewe huwa ni hatari kwa kijana anayejali sana kulinganishwa na wengine, kwa sababu akijitahidi kisha ashindwe, hana pa kujificha. Ninaye mvulana aliyetembea mzunguko wote wa mwisho wa mbio za mita 800, mikono kiunoni, huku wenzake wakimpita. Nilipomuuliza alisema, “Nimeamua tu.” Nilimwandikia uvivu kwenye daftari langu. Leo nisingeandika hivyo.

---

Mama Netiboli (Mpwapwa)

Mwalimu, pole na hongera. Mimi nilicheza netiboli shuleni na katika timu ya kazini, na sasa nawasaidia mabinti wa sekondari moja huku kwetu Mpwapwa siku za Jumatano. Nataka niseme kuhusu mwili, kwa sababu wanaume mnaposimulia habari za motisha mara nyingi mnausahau.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Takwimu za mwaka 2016 zilizokusanywa kutoka nchi 146 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana: asilimia 85 dhidi ya 78. Mtu atasema binti wa vijijini huku kwetu anatembea kilomita kadhaa kwenda shule, na akirudi anachota maji, hivyo dakika zake zimetimia. Kwa moyo na mapafu ni kweli. Lakini ndoo haimpi binti nafasi ya kuchagua wala ya kucheka na wenzake, na hakuna anayemsifu kwa kuibeba vizuri. Kazi ya mwili na mchezo ni vitu viwili, hata kama jasho ni lile lile.

Harter huyo huyo uliyemtaja alikuta kwamba, miongoni mwa maeneo yote ambayo kijana hujipima, lile la sura na umbo ndilo linalofungamana zaidi na hukumu yake ya jumla juu ya thamani yake. Sasa mchukue binti wa miaka 13 ambaye mwili wake umebadilika katika likizo moja, umvike bukta ya shule iliyonunuliwa kwa kipimo cha mwaka jana, halafu umwambie aruke kudaka mpira mbele ya wavulana waliokaa ukutani wakitoa maoni. Hataruka. Atasema tumbo linamuuma, na pengine kweli linamuuma, kwa kuwa yuko kwenye siku zake, taulo ya kike hana, na choo cha shule hakina maji. Mwalimu ataandika “hana ari”. Huyo hajakosa ari, mwalimu wangu. Ameyapima macho ya watu na akaona hayawezi.

Sisi hatukufanya makubwa. Tuliuhamishia uwanja nyuma ya madarasa, ambako hakuna ukuta wa kukalia, tukawaruhusu wachague sketi, suruali ya michezo au bukta, na wale wanaojifunga mitandio wakabaki nayo. Tukaweka boksi la taulo za kike katika kabati la mipira, ambalo ufunguo wake anao nahodha, wala si mwalimu wa kiume. Na tunamaliza saa kumi na moja kamili, kwa sababu binti anayefika nyumbani gizani hupigwa marufuku na baba yake, tena baba ana haki ya kuhofu. Idadi iliongezeka bila sisi kutoa hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa michezo. Watoto wetu waliwaona Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka, wakifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, kutamani wanatamani.

---

Mguu wa Kushoto (UDOM)

Naomba na mimi nichangie, kwa kuwa mmewataka vijana wenyewe. Mimi nilikuwa winga wa kushoto tangu shule ya msingi, nikaenda UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kisha UMISSETA mpaka ngazi ya mkoa. Nilikuwa sijui kujieleza kwa namna nyingine. Mgeni akija nyumbani, mama alinitambulisha kwa mpira: “Huyu ndiye mchezaji wetu.” Walimu walinisamehe kazi ambazo sikuzifanya. Wasichana walilijua jina langu kabla sijawajua wao.

Nikiwa kidato cha tano goti likageuka katika mechi ya kirafiki, wala hakuna aliyenigusa, nilikanyaga shimo. Katika hospitali niliyopelekwa niliambiwa nipumzike wiki mbili, nami nikarudi uwanjani baada ya hizo wiki mbili, na safari hii likakatika lililokuwa limebaki. Maumivu ya goti yalipungua baada ya miezi kadhaa. Kilichochukua muda mrefu zaidi ni asubuhi za kuamka bila kujua mimi ni nani. Niliacha kwenda bwalo wakati wenzangu walipokuwa wakila, ili nisiulizwe. Rafiki zangu hawakunitupa, nasema hivi kwa haki yao. Mimi ndiye niliyewakimbia, kwa sababu niliamini walikuwa rafiki wa yule winga.

Hapa chuoni ndipo niliposoma kwamba Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder waliandika mwaka 1993 kuhusu utambulisho wa kimichezo, wakiuliza kama ni misuli ya Hercules au kisigino cha Achilles, yaani kama ni nguvu ya mchezaji au ni mahali pake pa kuchomwa mshale. Walitengeneza kipimo chake, na hoja yao ni kwamba kujiona mwanamichezo humpa mtu msukumo na nidhamu, lakini anayejiona mwanamichezo *tu*, bila jina jingine, huumia sana jeraha au kuachwa kunapomtokea. Nilipoisoma nilikaa kimya kwa muda. Kipa wa ile karatasi, mwalimu, ninampenda bila kumjua, na ninamhofia pia. Naomba mtafutieni jina la pili mapema, hata liwe dogo, akiwa bado analo la kwanza.

---

Mama wa Wawili (Kisasa, Dodoma)

Nimesoma uzi huu usiku kucha. Kijana wangu wa kidato cha tatu aliachwa kwenye timu ya mpira wa kikapu mwaka huu. Baba yake alimwambia, “Afadhali, sasa utasoma,” na mimi nikamwambia yeye ni bora kuliko wote na kwamba kocha hana macho. Naona sasa kwamba sote wawili hatukumsaidia. Naomba kuuliza, kwa unyenyekevu: nimwambie nini?

---

Filimbi ya Jioni (Dodoma)

Dada yangu wa Kisasa, usijilaumu kupita kiasi. Ulisema maneno ambayo kila mama angeyasema. Ila kijana wa miaka 16 anajua kama mkono wake unafika kwenye kikapu au haufiki, na mzazi anapomsifu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ameshaliona si kweli, husikia kwamba hata mama hataki kulitazama. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyowafanyia watoto wa shule ya msingi. Waliosifiwa kwa akili walipendelea baadaye kazi zitakazowaonyesha kuwa wana akili, na walipokutana na kazi ngumu walivunjika moyo haraka. Waliosifiwa kwa juhudi walichagua kazi za kujifunza. Mimi ningemuuliza maswali ambayo hayana hukumu ndani yake. Ulikuwa unapenda nini hasa pale uwanjani? Ulikuwa unakwenda na nani? Kuna kitu ulikuwa umeanza kukiweza? Kisha ningenyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyotamani. Akisema alipenda kuwa na wenzake, wapo wanaocheza kikapu jioni bila orodha ya majina, na anaweza kwenda nao. Akisema alitaka kuwamo kikosini, basi anahitaji mtu wa kumweleza ukweli kuhusu kipi akifanyie kazi na kwa muda gani, na huyo ni kocha. Nenda ukamwone, ukiwa na kijana mwenyewe.

Mguu wa Kushoto, nimeisoma sehemu yako mara tatu. Kuanzia wiki iliyopita yule kipa ndiye anayewafundisha wadogo wa kidato cha kwanza namna ya kuanguka bila kuumia bega. Nilimwomba, sikumwamuru. Anafanya kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake darasani, na wadogo wameanza kumwita “mwalimu”. Hayo yametokana na maneno yako.

Mama Netiboli, boksi tumeliweka, na ufunguo anao nahodha. Suala la uwanja ni gumu zaidi, kwa kuwa nyuma ya madarasa yetu kuna korongo.

Kocha wa Mchangani, bado ninachuja. Ila orodha siisomi tena paredi. Ninamwita kila mmoja pembeni, aliyepata namba na asiyepata, na kila mmoja ninamweleza nilichokiona kinaongezeka kwake tangu tuanze. Kazi hiyo inakula jioni mbili nzima. Wengine hulia, na sijapata njia ya kulizuia hilo. Lakini mpaka sasa karibu wote wamerudi mazoezini.

Yule binti wa majivu hajarudi. Nilimwomba radhi, na akaipokea kama wanafunzi wanavyopokea maneno ya mwalimu, macho chini, “asante mwalimu”, basi. Sitamlazimisha. Lakini Ijumaa iliyopita, baada ya kengele ya mwisho, nilipita nyuma ya jiko nikamwona akicheza rede na watoto wawili wa mpishi. Watoto wamesimama pande mbili wakimlenga kwa mpira wa soksi kuukuu, naye yuko katikati na chupa ya plastiki, anainama kuchota mchanga kwa kiganja, anamimina, anaruka, mpira unapita chini ya miguu yake, anainama tena. Alikuwa anahesabu kwa sauti na kucheka. Chupa ilikuwa imefika karibu na shingo. Nilisimama nyuma ya tangi la maji mpaka alipoijaza, kisha nikarudi nilikotoka bila kumsemesha.